Kiti cha Mheshimiwa Domina

Adelphi, Maryland
2 Februari 2025

Kwa Mheshimiwa Domina, Mbunge wa Merrindale, Waziri Kivuli wa Afya huko Australia, na mtu aliyewahi kunibeba mgongoni nikamkojolea,

Shikamoo dada. Hapa sote tuko salama. Mama mzima isipokuwa magoti, anasema yameingiliwa na baridi ya Wamarekani, utafikiri Tukuyu tulikokulia kulikuwa na jua. Mimi ndiyo usiseme. Kampuni ya kuhamisha watu nyumba wananitegemea kama injini. Juzi nimeshusha piano ghorofa ya tatu Columbia Heights, ngazi nyembamba kama koo la kuku, mwenye piano akapiga makofi. Darasani niliishia kidato cha pili, lakini piano haiulizi vyeti.

Najua umeshangaa barua ya karatasi. Ile simu yako ya Jumapili ni ya mama, mimi napewa nikiwa nimebaki na pumzi moja ya kusalimia, betri inakufa. WhatsApp nako wakubwa wa chama chako wamekukataza kunijibu tangu ile video yangu. Dada, kosa langu nini? Nilisema tu, "Dada yangu anawanyang'anya serikali mchana kweupe." Nilijuaje kwamba magazeti ya huko yana mtu anayejua Kiswahili?

Sasa kaa chini. Nimepata mke.

Anaitwa Nkatha. Mkenya, Mmeru, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na ananicheka mchana na usiku. Baba yake ni Mzee Peterson wa Springfield, kule Virginia. Nilikwenda kujitambulisha nikaanza kujieleza, akanyoosha mkono hivi: "Kijana, hapa kwetu bwana harusi hukaa akanyamaza. Kuja na watu wako, na hao watu wakuje na msemaji." Msemaji wa upande wao ni mtu mmoja Gitau, anauza nyumba, na ndiye anayesimamia harusi zote za Wakenya kutoka Springfield mpaka Baltimore. Akishika kipaza sauti hata mchungaji anakaa.

Baba hatunaye. Wajomba wako Tukuyu na visa zao ni za ndotoni. Nikamjibu, "Mzee, msemaji wangu mimi anasema bungeni."

Siku ya posa ni Jumamosi, tarehe 14 Juni. Njoo uniongelee, dada. Gitau huyo unamtafuna kabla ya chai.

Mdogo wako,
Lusekelo

*

Merrindale
27 Februari 2025

Mdogo wangu Lusekelo,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya mafuta ya kula, nimeinusa nikajua mama alikuwa anakaanga mandazi. Watoto wazima, wamerudi shule. Huku ni joto, majani yamekauka mpaka yanapiga kelele ukiyakanyaga. Mwambie mama apake ile dawa niliyotuma, asiipeleke kwa jirani.

Hongera. Nimemsoma Nkatha katika maneno yako na nimempenda, hasa pale anapokucheka.

Kuhusu Juni. Lusekelo, kuna kitu sijawahi kukueleza vizuri kwa sababu kila nikianza unauliza nitakuwa waziri mkuu lini. Sisi wapinzani tumezidiwa na serikali kwa mtu mmoja. Mmoja tu. Na wameleta muswada wa kufunga hospitali za miji midogo, wagonjwa wote wapelekwe mji mkuu. Ya Merrindale imo. Unajua ni hospitali gani: ndiyo niliyoanzia unesi, ndiyo niliyoandamania walipotaka kufunga wodi ya wazazi, na ndiyo iliyonitoa wodini ikanitia bungeni. Muswada utakuja katikati ya Juni, na kura inaweza kuitwa saa yoyote katika wiki mbili nzima. Hakuna anayetoka.

Ipo desturi moja. Mmoja wetu akiwa na jambo zito, mmoja wa upande wao anakubali kukaa nje naye, ili mizani isiguswe. Si sheria, ni ahadi ya mdomo kati ya mahasimu. Tunaita kupewa jozi. Lakini anayegawa jozi upande wa serikali ni Audrey. Ndiyo, yule unayemwita "bibi miwani". Tumetukanana kwa heshima miaka kumi na moja, na sijawahi kumwomba hata kalamu.

Usiahidi watu, tafadhali.

Dada yako,
Domina

*

Adelphi
23 Machi 2025

Mheshimiwa,

Shikamoo tena, na tena. Mama anakusalimu. Dawa amepeleka kwa jirani. Miti ya kule mjini imetoa maua, watu wa dunia nzima wamekuja kupiga picha, na lori letu limekaa kwenye foleni mpaka dereva akalala.

"Usiahidi watu." Dada, barua yako imechelewa. Nimeshaahidi. Kanisani kila mtu anajua. Mzee Laurean, yule mtunza ukumbi, ameniuliza mheshimiwa anakalia kiti gani, nikamwambia kile cha mbao chenye mikono, kile anachokalia askofu akija. Akakuna kichwa. Akasema, "Nitakuazima, lakini kirudi." Tayari kiko sebuleni kwetu, kinasubiri. Mama amekitandikia kitambaa.

Na hilo jambo la jozi limenifurahisha sana. Yaani adui yako anakaa nje kwa sababu wewe haupo? Sisi kwenye mpira akiumia mtu wetu, wenzetu wanashangilia! Nimewaeleza watu wote. Hata kwa Mzee Peterson nimeeleza, nilikuwa nimekwenda kumbebea friji. Alisikiliza, akasema, "Hiyo ni heshima. Hawa watu wana heshima." Nikamwambia, "Ndiyo, na dada yangu ndiye anayewafundisha."

Sasa kwa vile wewe una kiburi chako, nimekusaidia. Nimemwandikia Audrey. Anwani ya bunge iko kwenye mtandao, si siri. Nkatha alikataa kunisahihishia Kiingereza, akasema hataki kushtakiwa pamoja nami, basi nimekiandika hivyohivyo kama kinavyotoka kwenye lori. Nilianza, "Adui mpendwa wa dada yangu." Nikamwambia wewe ni mkali kumzidi, lakini naye si haba. Nikamwambia unayo miaka minane hujamwona mama. Nikamwomba akae nje.

Usinigombeze. Umeshanigombeza? Haya, imekwisha.

Lusekelo, msaidizi wa Waziri Kivuli

*

Merrindale
20 Aprili 2025

Lusekelo,

Marahaba. Leo ni Pasaka, nimepika pilau, watoto wameila kwa mkate. Mwambie mama nimevaa kile kitenge chake kanisani na mzungu mmoja ameniuliza kama ni pazia.

Audrey alinisimamisha koridoni mbele ya watu, karatasi yako mkononi. Nilijua ni yako kabla sijayaona maandishi, kwa jinsi alivyokuwa anajizuia kucheka. Akasema, "Domina, nimepata barua nzuri kuliko zote nilizopata kazini." Ameiwekea fremu. Iko ofisini kwake, ukutani, ambako mawaziri wote wanaisoma. Sijui nikupige au nikushukuru; kwa umbali huu yote mawili ni kazi bure.

Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Nenda kamwone mama yako. Jozi ni yako, mimi mwenyewe nitakaa nje."

Nimemwambia nitafikiri.

Najua unasoma hapo ukitupa mikono juu. Nisikilize. Mtu aliyepewa jozi jina lake haliandikwi. Kwenye kumbukumbu za bunge, siku ile anakuwa kama hakuwako duniani. Na mimi nimesimama kwenye ule uwanja wa maegesho wa hospitali, mbele ya manesi niliofanya nao kazi, nikawaambia: siku hiyo mtaliona jina langu. Ni kitu pekee nilichoweza kuwaahidi, Lusekelo. Wewe unawaambia watu huko kwamba dada yako anaangusha serikali. Mimi tangu niingie humu sijawahi kushinda kura hata moja. Upinzani ni hivyo. Unaamka, unavaa, unasema kweli, unashindwa, unarudi nyumbani kupika. Niliwahi kugombea uongozi wa chama, nikashindwa na huko pia. Kwa hiyo ninachobaki nacho ni jina langu kuonekana lilikuwa upande gani.

Unakumbuka siku niliyoondoka? Hukumbuki, ulikuwa mdogo. Ulinificha kiatu kimoja. Basi linapiga honi, baba anatukana, mama anapekua chini ya vitanda, wewe umekaa mlangoni kimya kama mtakatifu. Nilifika Australia na kandambili. Bado sijui ulikiweka wapi.

Nitakujibu.

Domina

*

Adelphi
25 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Mama mzima. Mimi mzima. Joto limeanza.

Ulisema utanijibu. Nkatha anasema nikiendelea kufungua lile sanduku la barua pale chini, mtu wa posta ataniomba kitambulisho. Si kweli, nafungua mara chache tu, nikitoka na nikirudi.

Kama huji, usije. Kwanza viti ni vichache. Halafu Gitau namweza mwenyewe, nimeshamsikiliza kwenye harusi mbili, maneno yake ni yaleyale. Na mama sasa hata hakuulizii. Jana tu ameuliza kama Australia kuna ndege za usiku.

Kiatu nilikitia kwenye pipa la mahindi. Nilikumbuka sana. Nilidhani mtu hawezi kusafiri na kiatu kimoja.

L.

Dada Domina, ni Nkatha. Huyu mtu wako amenipea barua niposti na hajafunga bahasha, so nimesoma. Anajifanya ngumu lakini juzi nimempata akikiongelesha hicho kiti. Kama huwezi kuja ni sawa, sisi hatutakasirika. Tuambie tu, ndio aache kungoja.

*

Adelphi
15 Juni 2025

Dada yangu Domina,

Shikamoo. Nimeamka, nimekunywa chai, nimekaa kuandika kabla sijasahau chochote. Barua yako haikufika, na wewe hukufika. Jumapili iliyopita kwenye simu ulimwambia mama "nitajitahidi", akakata akaenda kukipiga pasi kitambaa cha kiti. Basi nikakipakia kiti kwenye lori la kampuni, nikakifunga mikanda kama piano, nikaenda nacho Springfield.

Tulikuwa mimi, mama, Mzee Laurean, na Mama Edna wa kwaya, aliyekuja kwa ajili ya vigelegele. Kwao wamejaa nyumba nzima, wajomba, shangazi, watoto wanaojibu kwa Kiingereza. Mlangoni Mzee Peterson akatoa sufuria kubwa ya kupikia ugali, akasema simu zote ziingie humo, na alikuwa ananitazama mimi. "Tumeona video zako. Haya mambo hayaendi kwa mtandao." Tukatia simu zote, sufuria ikawekwa juu ya kabati.

Nikakiweka kiti chako mbele, upande wetu, na mimi nikakaa nyuma yake. Gitau akasimama, suti ya bluu, akakohoa. Dada, yule mtu ana sauti. Akasema, "Sisi tumeona wageni. Tumeona pia kiti kizuri sana. Lakini kiti hakiongei. Msemaji wenu ako wapi?"

Nikafungua mdomo, mama akanikanyaga mguu. Mzee Laurean akasimama, akasema yeye ni mtunza ukumbi na amekuja kwa sababu ya kiti. Watu wakacheka. Si cheko baya, lakini masikio yangu yaliwaka moto. Gitau akaendelea, "Ama tuseme kule kwa kina bwana harusi hawana mtu?" Hapo, dada, nilikuchukia kidogo. Nakuambia kweli. Nilikuchukia kama kijiko kimoja cha chai.

Ndipo sufuria ikalia.

Simu ya mama. Unajua ule mlio wake ni wako peke yako, ile sauti ya kengele za kanisa. Ililia ndani ya chuma, nyumba nzima ikasikia. Nikajua huko kwako ni karibu alfajiri. Mama akageuka, akataka kuinuka, akamtazama Mzee Peterson, akakaa. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Hakuna aliyekwenda. Wewe ulikuwa unaita na sisi wote tunakitazama kiti.

Ilipokoma, Mzee Peterson akauliza, "Huyo ni yeye?"

Mama akasema, "Ni yeye. Yuko kazini. Wanataka kufunga hospitali aliyozalishia watu, hawezi kutoka."

Mzee akafikiri. Halafu akaniuliza mimi, mbele ya watu wote, "Kijana, ile kitu uliniambia siku ya friji. Mmoja wao akikosa, wale wengine wanafanya aje?"

Nikasema, "Mmoja wa upande wa pili anakaa nje, mzee. Ili mizani isiguswe."

Akageuka. "Gitau. Kaa nje."

"Mzee, nimekuja kutoka mbali na nimeacha wateja..."

"Mwenzako hayuko. Wewe utaongea na nani? Kaa nje, bwana, utaletewa chakula."

Dada, Gitau alitoka! Suti na yote, akakaa kwenye ngazi za mlango, tunamwona kwenye dirisha anafukuza nzi. Ndani wakabaki mama na mama yake Nkatha, hakuna wa kuwaongelea. Wakatazamana. Mama yake Nkatha akasema, "Basi tuongee sisi." Akainuka, akaja kuketi chini karibu na mama, wakashikana mikono, wakaanza na magoti. Magoti, dada! Baridi, dawa, jirani anayemaliza dawa. Walipofika kwangu na Nkatha mambo yalikuwa yameshaisha, wanacheka tu. Mama alisema, "Mwanangu ana mdomo, lakini mikono yake haijawahi kuangusha kitu cha mtu." Ningelia, ila nilikuwa naangalia friji.

Wamekubali. Harusi ni Novemba. Tulipotoa simu kwenye sufuria tukaona ulikuwa umepiga mara nne. Mama alikupigia, haikupokelewa.

Kwenye kiti hakukaa mtu. Mtoto mmoja alijaribu, mama yake Nkatha akamwondoa, akamwambia kina mwenyewe.

Lusekelo

*

Merrindale
18 Juni 2025

Mdogo wangu,

Nakuandikia kabla sijapokea lolote kutoka kwako. Jumapili alfajiri nilipiga simu, hamkupokea, nikajua mko katikati ya mambo au mmenikasirikia, na yote ni haki. Mama aliponipigia nilikuwa nimeshaingia kwenye kikao cha chama, simu mlangoni. Jioni yake ameniambia "wamekubali", kisha akalia, betri ikaisha. Kwa hiyo najua neno moja. Niandikie mengine yote, usiruke hata chakula.

Kura ilipigwa jana. Nilisimama, nilisema, jina langu limeandikwa. Manesi walikuwa juu kwenye viti vya wageni na sare zao. Tumeshindwa kwa kura moja.

Lusekelo, hesabu hii nimeirudia usiku kucha na haibadiliki. Kama ningekuja kwako, Audrey angekaa nje, na tungeshindwa kwa kura hiyo hiyo moja. Hospitali ingefungwa vilevile. Tofauti pekee ni jina langu kwenye karatasi na mimi kutokuwako kwenye kiti chako.

Mmoja wa manesi, niliyeanza naye kazi, alinishika bega mlangoni akasema, "Tulikuona." Nimeshikilia neno hilo. Leo asubuhi limekuwa zito, jioni limekuwa jepesi, sijui kesho.

Nimekwenda ofisini kwa Audrey. Mara ya kwanza kukaa mle. Nimeisoma barua yako ukutani; "naye si haba" umeiandika kwa herufi kubwa. Nikamwambia, "Nina ombi." Akasema, "Mwezi gani?" Nikasema sijui, harusi bado haijapangwa. Akasema nikijua nimwambie, na kama bado wote wawili tuko humu, atakaa nje. Ndiyo ahadi yenyewe. Haiandikwi popote.

Niambie mwezi.

Domina

*

Adelphi
6 Julai 2025

Mheshimiwa dada,

Shikamoo. Mama mzima, juzi tulimpeleka kuona fataki, akasema kelele nyingi kwa moshi kidogo. Nkatha anakusalimu, ananisomea hapa begani na kusema herufi zangu zinalewa.

Barua zetu zimepishana angani. Ukipata ile ndefu utajua kilichotokea kwenye sufuria, na utajua kwamba nilikuchukia kijiko kimoja. Nilishakimwaga.

Hiyo hesabu yako mimi siijui, niliishia kidato cha pili. Lakini nimemsomea mama barua yako, akaniambia nisome tena pale pa nesi. Nikasoma. Akasema, "Basi walimwona." Akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu, na hakukuwa na kitu motoni.

Mwezi ni Novemba. Mwambie Audrey. Mwambie na yeye anakaribishwa, akae nje na Gitau, watapendana.

Jambo la mwisho. Mzee Laurean anakidai kiti. Amekuja mara tatu. Askofu anatembelea mwezi ujao na hawana pa kumweka. Leo amesimama mlangoni kwetu na kofia mkononi, anasema, "Lusekelo, mwanangu, tulikubaliana kirudi."

Nimemwambia mwenyewe hajakikalia bado.

Akasema basi ataipekua nyumba nzima. Nimemwacha. Ametazama sebuleni, chumbani kwa mama, hata bafuni, hajakiona. Mimi nimekaa mlangoni, kimya kama mtakatifu.

Mdogo wako,
Lusekelo